Pasteur angezaliwa Dodoma, wajomba zangu wasingegombana

Najua nimepotea, msinilaumu, maisha ya Bongo mnayajua wenyewe. Leo nawaletea habari za mtu aliyekufa mwaka 1895 lakini amenikalia kichwani wiki tatu nzima kama vile ni jirani yangu hapa Gongo la Mboto.

Kabla sijaendelea, watani zangu wa Temeke na Kinondoni najua mnachotaka kusema: mtu anayekaa sehemu inayoitwa Gongo ataandika nini zaidi ya pombe? Haya chekeni, nasubiri... Mmemaliza? Na nyie msiokunywa, ndugu zangu Waislamu, Walokole na wengineo, msinikimbie. Sijaja kumshawishi mtu anywe. Habari inaanzia kwenye mvinyo lakini inaishia kwenye maziwa ya mtoto na jino la mbwa. Nivumilieni kidogo.

Ilianza hivi. Mjomba wangu mkubwa ni mkulima wa zabibu kule Mpunguzi, nje ya Dodoma kwenye barabara ya kwenda Iringa. Kwa wasiojua, zabibu za Dodoma zilipata nguvu miaka ya 1950 kwa wamisionari Wakatoliki wa Kiitaliano pale Bihawana, na ardhi ile kavu ikazikubali mpaka zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kule Ulaya mara moja tu, basi. Sasa mkulima akikosa soko la zabibu mbichi anazikamua, anaziacha zichachuke, anapata kinachoitwa mchuzi wa zabibu. Anauweka kwenye matenki ya plastiki, anasubiri kampuni ije inunue ikatengeneze mvinyo wa chupa.

Mjomba alisubiri. Mnunuzi aliahidi kuja baada ya wiki mbili, hakuja. Wakaja wengine, wakaonja, wakaondoka. Mwezi wa nne tenki likafunguliwa, harufu ikampiga usoni: siki tupu. Jasho la msimu mzima. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mjomba mdogo alikuwa ameteka ndoo kadhaa kwenye lile tenki kwa ajili ya harusi, kwa ruhusa kabisa, na maneno yakaanza kwamba ana mkono mbaya. Wengine wakasema kijicho. Wengine wakasema zaidi ya kijicho, mnanielewa. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo.

Mjomba mkubwa akaja Dar kupumzisha kichwa, akateremka na treni pale Pugu, akafikia kwetu. Jioni moja akanisimulia yote, halafu akaniuliza mimi niliyesoma, hivi mvinyo unageukaje siki wenyewe bila kuguswa na mtu? Nikababaika. Shule nilisoma ndio, lakini jibu sikuwa nalo. Kesho yake nikaenda kafe, ile ya karibu na kituo cha daladala ambayo siku hizi inaishi zaidi kwa kutoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, nikaanza kutafuta. Ndipo nikakutana na Louis Pasteur.

MTOTO WA MTENGENEZA NGOZI

Jina tulilisikia shuleni, tukakariri kwa ajili ya mtihani, tukasahau. Wengi wetu tunadhani alikuwa daktari. Hakuwa. Alikuwa mwanakemia, na hakuwahi kuwa na ruhusa ya kumchoma mtu sindano maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mkoa wa Jura, mashariki ya Ufaransa karibu na Uswisi. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon aliyerudi nyumbani na kuwa mtengeneza ngozi. Sio familia ya hela. Louis akiwa bado mdogo wakahamia mji wa Arbois, nyumba yenye mashimo ya kuloweka ngozi kando ya mto. Waliowahi kupita jirani na machinjio ya Pugu wanaijua ile harufu, basi mtoto alikulia humo. Na ukitoka nje ya mji wa Arbois ni mashamba ya mizabibu pande zote. Kwa hiyo huyu mtu alikulia kati ya vitu viwili vinavyooza, ngozi na juisi ya zabibu, na mimi naamini kabisa ndio maana akaja kuwa bingwa wa kuoza.

Darasani hakuwa kipanga. Alikuwa anachora picha za watu, na alichora vizuri kweli. Mwaka 1838, akiwa na miaka 15, alipelekwa Paris kusoma, akapatwa na hamu ya nyumbani mpaka baba yake akaenda kumchukua baada ya wiki chache. Wale mliopelekwa bodingi mkalia mpaka mkarudishwa, mnaona? Hamjachelewa. Hata mtihani wa kemia alikuja kuupita kwa alama za kawaida tu. Mwaka 1842 alifaulu kuingia chuo kikubwa cha walimu cha Paris lakini akajiona yuko chini mno kwenye orodha, akakataa nafasi, akarudia mwaka mzima, akaingia mwaka 1843 akiwa wa nne. Ubishi wa aina hiyo utauona maisha yake yote.

Kazi yake ya kwanza kubwa, mwaka 1848 akiwa na miaka 25, ilitoka kwenye mvinyo pia. Mvinyo ukikaa kwenye pipa unaacha magamba magumu pembeni, na kwenye magamba hayo wanakemia wanapata asidi inayoitwa tatariki. Kulikuwa na asidi nyingine pacha yake, imeundwa kwa vitu vilevile, lakini ikipigwa na mwanga inafanya tofauti, na wakubwa wa kemia walikuwa wameshindwa kueleza kwa nini. Pasteur akatazama punje za chumvi yake kwa hadubini akaona ziko za aina mbili, kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Zinafanana kila kitu lakini huwezi kuvaa ya kushoto mguu wa kulia. Akazitenganisha punje moja moja kwa mkono. Jina likaanza hapo. Mwaka 1849 akiwa anafundisha Strasbourg akamuoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa taasisi yao, ambaye alikuja kuwa katibu wake na msaidizi wake mpaka mwisho.

MAABARA NDANI YA KAFE

Zamani hizo wakubwa wengi waliamini kwamba kuchachuka ni kemia tu, kitu kinavunjika chenyewe. Wengine waliamini vijidudu vinazaliwa vyenyewe kutoka kwenye uchafu. Ni kama sisi tunavyosema chakula kimelala. Kimelalaje? Nani kakilaza?

Mwaka 1856 Pasteur akiwa Lille alifuatwa na mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari ambaye mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Akaenda kiwandani na hadubini. Pipa zuri akakuta hamira, vidude mviringo, hai, vinazaliana. Pipa bovu akakuta wadudu wengine wembamba kama vijiti. Kwa maneno ya mtaani: kila uchachu una mdudu wake. Akiingia mwenye shamba unapata pombe, akiingia mwizi unapata uchungu.

Wakubwa wakambishia. Akatengeneza chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama shingo ya bata maji, akachemsha supu ndani yake. Hewa inaingia lakini vumbi linanasa kwenye kona, na supu haikuoza. Ukiilaza chupa supu ikagusa kona, siku chache imeharibika. Mwaka 1860 akabeba chupa nyingine zilizofungwa, akazifungua 20 karibu na Arbois, 20 juu ya mlima Poupet, na 20 kwenye barafu karibu na Chamonix. Za chini zikaharibika 8, za mlimani 5, za kwenye barafu 1. Hewa ikiwa safi, wadudu wachache. Hakuna kinachooza chenyewe. Mjomba nilipomfikisha hapa aliacha kunywa chai.

Sasa tuje kwenye mvinyo wenyewe. Ufaransa ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Uingereza mwaka 1860 na ilitaka kuuza mvinyo nje, lakini njiani unageuka. Mwingine siki, mwingine mchungu, mwingine unavutika kama mlenda. Mwaka 1863 mtawala wao, Napoleon wa Tatu, akamtaka Pasteur alichunguze tatizo. Na Pasteur akaenda wapi? Akarudi nyumbani Arbois na wanafunzi wake wachache, mwaka 1864, wakapanga ukumbi wa kafe ya zamani mlangoni mwa mji, ndio ikawa maabara. Vifaa wakatengenezewa na mafundi wa palepale, seremala na fundi bati, na watu wa mji wakawa wanasimama kuwacheka wakipita na mazagazaga yao. Nilivyosoma hivyo nikaangalia kafe niliyokaa, mashine ya kopi inakwaruza, kijana wa pembeni anacheki mechi... nikasema kumbe.

Wakakuta kila ugonjwa wa mvinyo una mdudu wake. Dawa? Pasha mvinyo moto ndani ya chupa iliyofungwa, nyuzi 50 hadi 60 hivi, usiuchemshe, basi. Wadudu wanakufa, mvinyo unabaki. Aprili 1865 akaandikisha hati miliki, kisha akaiachia watu wote watumie bure. Kitabu chake juu ya mvinyo kikatoka mwaka 1866.

Wafanyabiashara wakasema moto unaharibu ladha. Wakaitwa waonjaji wazoefu, wakapewa mvinyo uliopashwa na ambao haukupashwa, wakawa wanayumba, leo huu bora, kesho ule. Pasteur kwa ujanja akawapa vikombe viwili vya mvinyo uleule kabisa, na bado wakaona tofauti! Jeshi la majini nalo likapakia lita 500 kwenye meli Jean Bart, nusu zimepashwa, nusu hazikupashwa. Baada ya miezi kumi baharini zilizopashwa zilikuwa safi, zile nyingine zimeanza kuharibika.

Niseme haki hapa, hakuwa wa kwanza kupasha kitu moto ili kidumu. Mfaransa mwingine, Nicolas Appert, mpishi, alishahifadhi vyakula kwenye chupa kwa moto miaka hamsini na zaidi kabla yake. Tofauti ni kwamba Appert alijua inafanya kazi, Pasteur akajua kwa nini inafanya kazi.

MVINYO WA KWAO UNALIWA NA NINI

Hapa ndipo paliponifurahisha, maana mimi ni mtu wa chakula. Mkoa wa Jura una mvinyo wake wenyewe, unaitwa vin jaune, mvinyo wa njano. Zabibu yake inaitwa savagnin. Wanauweka kwenye pipa miaka sita na miezi mitatu bila kuongezea kitu. Mvinyo unapungua kwa kupotea hewani, juu linatanda pazia jembamba la hamira, na hilo pazia ndilo linaukinga na kuupa ladha yake. Ukimaliza, unauzwa kwenye chupa fupi nene ya sentilita 62, sio 75, kwa sababu wanasema lita moja ikishakaa hiyo miaka yote kinachobaki ni hicho.

Ladha yake wanaifananisha na karanga na viungo kama binzari. Wenyewe wanaula na jibini la kwao liitwalo Comté, au kuku aliyepikwa kwa mvinyo huohuo pamoja na krimu na uyoga wa porini. Kuku wa kienyeji, tena jogoo! Ule mwekundu mwepesi wa zabibu za poulsard na trousseau wanakula na soseji na nyama zilizokaushwa kwa moshi. Samaki wa mito ya milimani nao wana mvinyo wao mweupe. Kanuni yao nimeielewa kirahisi: kinachoota pamoja kinaliwa pamoja. Wagogo wanaijua kanuni hiyo tangu enzi, ugali wa uwele na mlenda havijawahi kugombana. Na mvinyo wa Dodoma mwekundu ulio mtamu, wanaoutumia wanasema unaenda na mbuzi choma aliyekolea chumvi na pilipili. Halafu kitu kingine sikukijua: zabibu nyeupe inayolimwa Dodoma, chenin blanc, asili yake ni Ufaransa, bonde la mto Loire. Kwa hiyo huu undugu sio wa kulazimisha.

Sasa sikiliza. Pasteur aliutazama huo utando wa juu ya mvinyo kwa hadubini akaona utando uko wa aina mbili. Mmoja, ule wa hamira, ndio unaokaa juu ya mvinyo wa njano. Mwingine ni wa wadudu wanaokula pombe na kutoa siki, na hawa bila hewa hawafanyi kazi. Ukiuangalia kwa macho, utando ni utando. Kumbe mmoja ni mlinzi na mwingine ni jambazi. Alielewa siki vizuri mpaka mwaka 1867 akaenda mji wa Orléans kuwafundisha watengeneza siki jinsi ya kuitengeneza makusudi.

Bila hewa hawafanyi kazi... Hilo lishikeni, tutalirudia.

MISIBA NA UBISHI

Msidhani alikuwa anakula raha. Mwaka 1859 binti yake Jeanne alikufa kwa taifodi huko Arbois akiwa na miaka 9. Mwaka 1865, mwaka uleule wa kupasha mvinyo, baba yake akafa, miezi mitatu baadaye akamzika mwanae Camille wa miaka 2. Mwaka uliofuata Cécile, miaka 12, taifodi tena. Watoto watano, watatu wamekwenda. Mtu anayejua kwamba kuna wadudu wasioonekana wanaoharibu mvinyo, anakaa kitandani kwa mtoto wake mwenye homa... sidhani kama unahitaji kuelezwa alikuwa anawaza nini.

Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mkono na mguu havikurudi sawasawa tena. Kazi zake za chanjo zote alizifanya baada ya hapo, akiwa na mkono mmoja mzima. Mwaka 1874 alinunua shamba dogo la mizabibu karibu na Arbois. Miaka minne baadaye akafunika baadhi ya mizabibu kwa nyumba za vioo kabla zabibu hazijaiva, hamira isiingie. Zabibu zile zikakamuliwa, juisi ikakataa kuchachuka. Yaani hata hamira inatoka nje, inakaa juu ya ganda. Mtu alikuwa mbishi!

Mengine nayapita haraka maana ni marefu. Alitibu ugonjwa wa viwavi wa hariri. Akatengeneza chanjo ya kipindupindu cha kuku. Mwaka 1881 kule Pouilly-le-Fort akachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya watu, waliochanjwa wakasimama, wasiochanjwa wakalala chini mmoja mmoja. Na tarehe 6 Julai 1885 akaletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili ni kifo. Pasteur alikuwa na chanjo aliyoijaribu kwa mbwa, inatokana na uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Kwa kuwa hakuwa daktari, daktari mwingine alishika sindano. Sindano 13 kwa siku 10. Mtoto akapona. Wa pili alikuwa mchunga mifugo wa kama miaka 15, Jean-Baptiste Jupille, kutoka palepale Jura, aliyepambana na mbwa ili wenzake wadogo wakimbie.

Ndugu zangu wa Gongo la Mboto, Ulongoni, Pugu, mbwa wanaozurura huku tunawajua. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Sio kesho. Sio kupaka dawa ya kienyeji kwanza. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na tarehe hiyo imechaguliwa kwa sababu ndiyo aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Amezikwa ndani ya taasisi yenye jina lake, iliyofunguliwa Paris mwaka 1888.

Na maziwa je? Kupasha maziwa walianza wengine baadaye kwa kufuata njia yake ya mvinyo, nyuzi 63 kwa nusu saa au 72 kwa sekunde 15. Lakini jina wakampa yeye. Kila paketi ya maziwa unayonunua dukani kwa Mangi, ndani yake kuna mvinyo wa Arbois, kiaina.

DOA LAKE

Sitaki kuandika kama naandika habari za malaika. Pasteur aliiachia familia yake maagizo kwamba daftari zake za maabara zisionyeshwe mtu. Zilikuja kuwekwa kwenye maktaba ya taifa mwaka 1964 na watafiti wakaanza kuzichambua miaka ya 1970. Wakakuta mambo. Ile chanjo ya kimeta ya mwaka 1881, aliwaacha watu waamini ni ya njia yake ya hewa, kumbe iliyotumika ilitengenezwa kwa kemikali na msaidizi wake Chamberland, njia inayokaribiana na ya mpinzani wake, daktari wa mifugo Toussaint wa Toulouse. Toussaint hakupata sifa aliyostahili. Na chanjo ya kichaa aliitumia kwa mtoto kabla ya kumaliza majaribio kwa mbwa kama alivyowaacha watu waamini.

Je hilo linafuta mengine? Mimi nasema hapana, lakini nasema pia tusilifiche. Ilifanya kazi, sawa. Ila kunyang'anya mtu sifa ni kunyang'anya mtu sifa, hata ukiwa Pasteur.

TURUDI MPUNGUZI

Sasa ile habari ya hewa. Nikamuuliza mjomba, tenki lilikuwa limejaa? Akasema mwanzoni lilijaa mpaka juu. Halafu? Wakateka ndoo za harusi. Halafu wakaja wanunuzi, kila mmoja anafungua mfuniko, anaonja, anaondoka. Lilibaki nusu. Nusu mchuzi, nusu hewa, juani, mwezi na zaidi. Hapo wadudu wa siki waliokuwa wamekaa kimya bila hewa wakapata sherehe.

Kwa hiyo mjomba mdogo ana kosa? Ndio, kama vile mnunuzi aliyeahidi asije ana kosa, na waonjaji wana kosa, na mjomba mkubwa mwenyewe aliyekuwa anafungua kila asubuhi kunusa ana kosa. Mkono mbaya haupo. Kuna hewa, na kila mtu aliiingiza kidogo. Wataalamu wa mvinyo siku hizi hata hawapashi sana moto, wanasafisha vyombo, wanaweka salfa kwa kipimo, wanachuja, na wanahakikisha tenki limejaa mpaka mdomoni. Likipungua, wanahamishia kwenye dogo. Matenki madogo matatu ni bora kuliko kubwa moja linalofunguliwa kila siku. Pale Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, ukiwauliza watakueleza zaidi yangu.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Nikadhani nimemuudhi, maana mtu mzima kuambiwa na mtoto wa dada yake kwamba aligombana na nduguye kwa sababu ya wadudu sio jambo dogo. Halafu akaniuliza kama ile siki imeharibika nayo. Nikamwambia siki haina neno, wenzetu wanaitengeneza makusudi, na hapa Gongo la Mboto kila mwenye banda la chipsi anaimwaga kwenye kachumbari kila jioni. Akacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu aje.

Juzi akanipa kazi. Akasema niyaandike yote haya vizuri kwa Kiswahili kinachoeleweka, niyachape pale kafe, kopi mbili. Moja ya kwake. Nyingine anasema atapanda nayo treni Jumamosi aipeleke mwenyewe, maana kwa simu hawezi kuanza. Ndio maana leo nimeandika ndefu namna hii, samahanini wenye haraka.

Wadau wa Dodoma, mliowahi kupoteza mchuzi tenkini, hebu tuambieni hapo chini mlifanyaje. Mjomba atasoma maoni yote kabla ya Jumamosi, nimemuahidi. Na nyie wa kumtukana Pasteur karibuni pia, ila kwa heshima.

Tupo pamoja.